Jina la kazi na jina la nyumba

Juu ya maneno tunayotumia kwa wanawake pahali pa kazi

Katika biro, hospitali, shule na maduka ya nchi yetu, wanaume na wanawake wanatumika siku hizi pamoja, meza kwa meza. Sheria imekwisha kusema kwamba wana haki moja. Lakini ukisikiliza vizuri namna wanavyoitwa, utaona kwamba mara nyingi mwanaume anaitwa kwa jina la kazi yake, na mwanamke anaitwa kwa jina la nyumba yake. Yule ni "Direktere", "Mwalimu", "Munganga". Huyu ni "Mama", "Dada", "binti yetu".

Jambo hili laonekana kuwa dogo. Hapa nataka kueleza kwamba si dogo. Jina la kazi ndilo linalompa mtu sauti katika mkutano na mshahara wa haki mwisho wa mwezi. Asiyeitwa kwa kazi yake, polepole kazi yake nayo yasahauliwa.

Jambo hili latuhusu sisi mapadri, waseminari na makatekista kwa sababu mbili. Kwanza, watu wanatusikiliza, na wengi hushika maneno yetu hata bila kufikiri. Pili, sisi wenyewe tunaongoza pahali pa kazi. Parokia ina sekretere, ina mtunza fedha, ina mpishi. Mara nyingi ina shule na dispensari. Sisi tunaongoza mikutano, tunagawa kazi, tunaandika barua za ushuhuda. Basi yafaa tuchunguze ulimi wetu.

I. LUGHA ISIYO NA JINSI

Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa kuona kwamba sarufi yetu haipambanui mwanaume na mwanamke. Neno "yeye" ni moja kwa wote wawili. Ukisema: "Mwalimu amefika, mpe kiti", hakuna ajuaye kama mwalimu huyo ni mwanaume ao mwanamke mpaka aingie mlangoni. Mwandishi, mhasibu, mpishi, mkulima, mkubwa wa kazi: majina haya yote ni wazi kwa kila mtu. Kifaransa chamlazimisha msemaji kuchagua kila mara: "il" ao "elle", "directeur" ao "directrice". Lugha yetu imetuepusha na taabu hiyo.

Kwa hiyo wengine wasema: "Upendeleo wa maneno ni ugonjwa wa lugha za Ulaya, sisi hatunao." Katika neno hilo mna nusu ya kweli. Sarufi yetu haina lawama, lakini mtu hasemi kwa sarufi peke yake. Anasema kwa maneno anayoyachagua, na ulimi hauna mfupa. Upendeleo ukifungiwa mlango wa sarufi, waingia kwa milango mingine, nayo ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni maneno ya Kiswahili yenyewe. Twasema mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Tendo ni moja, lakini mmoja anatenda na mwingine anatendewa. Mkono wa kulia twauita pia mkono wa kuume, na neno hilo "kuume" twalitamka kila Dominika katika Nasadiki. Waswahili wa zamani waliuita mkono wa kushoto mkono wa kike. Upande wenye nguvu ulipewa jina la mwanaume. Mtu akilegea kazini anaambiwa: "Jikaze kiume!" Na neno "bwana" lina maana ya mume, na tena ya mkubwa wa kazi. Maneno haya ni ya zamani sana, wala hatuna haja ya kuyafukuza yote. Lakini yatuonyesha kwamba lugha isiyo na jinsi katika sarufi yaweza kuwa nayo katika ghala la maneno yake.

Mlango wa pili ni Kifaransa cha biro. Mlango wa tatu, ulio mkubwa kuliko yote, ni desturi ya kuitana. Tuangalie milango hiyo miwili mmoja mmoja.

II. KIFARANSA CHA BIRO

Katika Kongo mkataba wa kazi, ripoti, barua ya kupandisha cheo na maandishi ya muhuri huwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mabishano ya Kifaransa yameingia kwetu pamoja na karatasi zake.

Kwa muda mrefu Kifaransa cha serikali kilikuwa na desturi ya ajabu: kazi ndogo iliruhusiwa kuwa na jina la kike, lakini kazi kubwa haikuruhusiwa. Mwanamke aliyeongoza shule ya watoto wadogo aliitwa "directrice" bila mtu kushtuka. Akipandishwa kuongoza kampuni kubwa, aliandikwa "Madame le Directeur général". Mwanamke aliyepiga mashini ya kuandika alikuwa "la secrétaire". Lakini Hélène Carrère d'Encausse, aliyechaguliwa mwaka 1999 kuwa katibu wa daima wa Académie française, mwenyewe alitaka aitwe "Madame le secrétaire perpétuel". Neno ni lile lile. Likipanda cheo, lageuka kuwa la kiume, hata kama anayelichukua ni mwanamke.

Huko Ubelgiji, Jamii ya watu wasemao Kifaransa iliamuru kwa dekreto ya tarehe 21 Juni 1993 kwamba biro zake zitumie majina ya kike kwa kazi zinazofanywa na wanawake. Académie française ilikataa kwa miaka mingi, halafu tarehe 28 Februari 2019 ilipokea ripoti yenye kukubali majina hayo. Kwetu swali lilibisha hodi tarehe 1 Aprili 2024, siku Judith Suminwa Tuluka alipoteuliwa kuongoza serikali, mwanamke wa kwanza katika Kongo kupewa kazi hiyo. Aliyeandika Kifaransa alipaswa kuchagua kati ya "Madame le Premier ministre" na "Madame la Première ministre". Aliyeandika Kiswahili aliandika "Waziri Mkuu" tu, akaendelea na habari yake. Hapo lugha yetu ilikuwa na heri kuliko Kifaransa.

Lakini tusijisifu upesi. Mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali ya Kongo aliingia mwaka 1966: ni Sophie Kanza, aliyekwisha pata diploma ya Universite ya Lovanium mwaka 1964. Kutoka 1966 mpaka 2024 ni miaka 58. Neno "waziri" halikumzuia mwanamke siku hata moja, wala neno "mkuu". Yaliyomzuia ni mambo mengine, na mojawapo ni jina la nyumba.

III. JINA LA NYUMBA

Desturi hii ina historia. Katika siku za ukoloni wavulana walifundishwa kuwa makarani, walimu na wasaidizi wa wanganga. Wasichana wengi walielekezwa kwenye shule zilizoitwa "écoles ménagères", na wanawake wa mijini kwenye "foyers sociaux", ili wajifunze kushona, kupika, kufua na kutunza watoto. Kazi hizo ni njema na za lazima. Lakini mafunzo hayo yalipanga dunia mafungu mawili: mwanaume na kazi yake, mwanamke na nyumba yake. Neno hilo hilo "ménagère" lilitumika pia kwa mwanamke wa Kongo aliyekaa na Mzungu bila ndoa. Kwa hiyo jina la nyumba si heshima siku zote. Mara nyingine ni kifuniko.

Baada ya uhuru sheria nayo iliendelea na mpango huo. Kodi ya familia ya mwaka 1987, katika artikulo 448, ilimtaka mwanamke mwenye ndoa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kufunga mapatano ya kisheria yanayomlazimisha kufanya kazi yeye mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyobadili jambo hilo. Maana yake, mpaka miaka ya karibuni mwanamke aliyeingia biro aliingia kwa sheria akiwa mke wa mtu kwanza, halafu mtumishi. Sheria imebadilika, ila ulimi bado unafuata ile ya zamani.

Sasa tuseme juu ya neno "Mama". Ni neno zuri sana. Katika Kongo twamwita kila mwanamke mzima Mama, na kila mwanaume mzima Papa, na mtu asiyefanya hivyo anahesabiwa kuwa hana adabu. Sisemi tuache desturi hiyo. Lakini inafaa kupambanua. "Papa Direktere" na "Mama Direktere" ni sawasawa: neno la kwanza laheshimu umri na utu, neno la pili laheshimu kazi. Hapo hakuna upendeleo.

Upendeleo waanza pale "Papa" inapoongezwa juu ya cheo, na "Mama" inapochukua nafasi ya cheo. Tuweke mfano. Mkubwa wa mkutano anasalimia: "Papa Direktere, Papa Mhasibu, na wamama wetu." Kati ya wale wamama yuko mkubwa wa wauguzi mwenye diploma, yuko mtunza ghala mwenye funguo zote. Wanaume wamepewa heshima mbili, wanawake wamepewa moja. Na angalia yanayofuata. Zikifika saa za kuandika ripoti: "Mama atatuandikia." Ikifika chai: "Wamama watatuangalilia." Hakuna aliyekusudia kuwadharau. Lakini jina lavuta kazi nyuma yake: aliyeitwa kwa jina la nyumba anapewa kazi ya nyumba, hata ndani ya biro.

Mtu asidhani kwamba desturi hii ni ya Afrika peke yake. Mwaka 2017 wanganga wa Mayo Clinic katika Marekani walitangaza uchunguzi juu ya namna wanganga wanavyojulishwa mbele ya wenzao kabla ya kutoa somo. Wote wenye kutoa somo walikuwa na cheo. Wanaume walipomjulisha mwanaume, walitaja cheo chake karibu mara 72 katika mia. Walipomjulisha mwanamke, walikitaja karibu mara 49 tu katika mia. Mara zilizobaki alitajwa kwa jina lake tu. Watu hao ni wenye elimu kubwa, na bila shaka wengi wao wangeapa kwamba hawana upendeleo.

IV. MANENO MANNE YA KUANGALIA

Sasa twende kwenye maneno tunayoyasikia kila siku. Nachagua manne.

1. "Anasaidia." Tunasema mwanaume anatumika katika dispensari, na mwanamke anasaidia katika dispensari, hata kama saa zao ni moja na jasho lao ni moja. Neno "kusaidia" ni tamu, lakini kazi ina mshahara na msaada hauna. Msaada una asante. Katika parokia neno hili ni la hatari zaidi. Wanawake wanaofua nguo za altare, wanaofagia kanisa, wanaopika siku za mkutano wa makatekista, wote "wanasaidia". Wengine wanajitolea kweli, na hilo ni jambo jema likiwa limekubaliwa na pande zote. Lakini wengine wanatumika kila siku kwa miaka, na mtu hajauliza kama ni kazi, kwa sababu neno limekwisha jibu mbele ya swali.

Mtakatifu Paulo anaweza kutufundisha hapa. Ukisoma sura ya 16 ya barua kwa Waroma, utaona kwamba Priska na Akila, mke na mume, wote wawili anawaita watenda kazi wenzake. Juu ya Maria, Trifena, Trifosa na Persis anatumia neno la Kigriki lenye maana ya kutumika mpaka kuchoka, lile lile analolitumia juu ya taabu yake mwenyewe ya kitume. Febe anaitwa "diakonos". Baadaye watafsiri wengi walifasiri neno hilo "mtumishi" ao "msaidizi" kwa ajili ya Febe, lakini kwa wanaume walilifasiri "shemasi" ao "mhudumu". Wataalamu wanabishana juu ya maana kamili ya cheo cha Febe, wala si kazi yangu kuyakata mabishano hayo hapa. Nataka tuone tu kwamba Paulo aliitaja kazi ya kila mmoja, na waliokuja nyuma yake ndio walioipunguza kwa kalamu.

2. "Ni mwanaume kabisa." Mwanamke akiongoza vizuri, akitunza fedha bila kukosa franka moja, wenzake wanamsifu: "Mama huyu ni mwanaume!" Wanataka kumheshimu. Lakini sikiliza maana yake: kazi nzuri ni mali ya wanaume, na mwanamke akiifanya ameiazima kwao. Upande wa pili, mwanaume anayesengenya anaambiwa ana "maneno ya wanawake". Basi uwezo umewekwa huku na kosa huku. Ni vema kusema kwamba anatumika vizuri, kwamba hesabu zake ni safi. Sifa hiyo yatosha, nayo ni yake mwenyewe.

3. "Mkali" na "mwenye mdomo." Tendo moja lina majina mawili. Mwanaume akikemea mtumishi aliyechelewa, twasema ni mkubwa mwenye msimamo. Mwanamke akisema maneno yale yale kwa sauti ile ile, twasema ana mdomo, ana kichwa kigumu, labda ana taabu nyumbani. Mwanaume akinyamaza katika mkutano, anafikiri. Mwanamke akinyamaza, hajui. Ukitaka kumhukumu mtumishi, hukumu tendo, si nguo aliyovaa.

4. "Mwalimu mwanamke." Lugha yetu, kama tulivyoona, haina haja ya nyongeza hii. Neno "mwalimu" latosha. Tukisema "mwalimu" kwa mmoja na "mwalimu mwanamke" kwa mwingine, tumefanya wa kwanza kuwa kanuni na wa pili kuwa ajabu. Pako pahali nyongeza inapofaa: kwa mfano mgonjwa wa materniti anapoomba munganga mwanamke. Pasipo sababu ya namna hiyo, tuiache. Na kuna kosa lililo kinyume cha hilo: katika hospitali nyingi mwanaume yeyote mwenye koti nyeupe huitwa "munganga", hata kama kazi yake ni kusukuma kitanda, mwanamke mwenye koti ile ile huitwa "mama" ao "masera", hata kama yeye ndiye aliyepasua mgonjwa asubuhi ile.

V. BARUA YA USHUHUDA

Naweka fungu hili peke yake, kwa sababu mapadri tunaandika barua hizi mara nyingi, na hapa neno laweza kumpa mtu mkate ao kumnyima.

Tuseme vijana wawili wa parokia, mwanaume na mwanamke, wamesoma uhasibu pamoja na kupata alama sawa. Wote wawili wanatafuta kazi moja, na wote wanaomba ushuhuda wa padri wao. Juu ya kijana mwanaume padri anaandika: "Ni hodari katika hesabu, anajua kupanga kazi, aliongoza vijana 40 wa parokia bila matata." Juu ya kijana mwanamke anaandika: "Ni wa tabia njema, mpole, mtiifu, wa ukoo mwema wa kikristu, anapendwa na wote." Barua zote mbili ni za sifa, na labda ya pili ina upendo zaidi. Lakini mkubwa wa kampuni anatafuta mhasibu. Barua ya kwanza inamwambia kwamba amempata mhasibu. Ya pili inamwambia kwamba amempata msichana mzuri. Hata akiwa mtu wa haki, atachagua ya kwanza. Naye msichana yule hatajua kamwe kilichomwangusha, kwa maana barua ilimsifu.

Mfano huu nimeutunga, lakini jambo lenyewe limechunguzwa. Mwaka 2003 wanawake wawili wataalamu wa Marekani, Frances Trix na Carolyn Psenka, walitangaza uchunguzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kuwatetea wanganga waliotaka kufundisha katika shule ya udaktari. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na zilikuwa na maneno mengi zaidi yenye kutia mashaka. Za wanaume zilitaja zaidi uchunguzi wao wa elimu. Za wanawake zilitaja zaidi kufundisha.

Matangazo ya kazi nayo yana siri yake. Mwaka 2011 wachunguzi wa Kanada na Marekani walionyesha kwamba tangazo lililojaa maneno ya kushindana na kutawala huwafanya wanawake waione kazi ile si ya kupendeza. Si kwa sababu wanadhani hawaiwezi, bali kwa sababu wanahisi kwamba pale si kwao. Hivyo tangazo laweza kufunga mlango bila kuandika neno "wanaume" hata mara moja.

VI. MASWALI NA MAJIBU

Wengine watasema: "Haya ni maneno tu. Shida ya kweli ni mishahara." Najibu kwamba mshahara nao huanza kwa neno. Kabla ya kumlipa mtu, ni lazima kwanza kuandika kazi yake inaitwaje. Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yataka mshahara sawa kwa kazi iliyo sawa. Lakini ukiandika mmoja "mhasibu" na mwingine "msaidizi", umekwisha kusema kwamba kazi zao si sawa, na sheria haina tena pa kushika.

Tena sisi Wakongomani hatuna ruhusa ya kusema kwamba maneno ni maneno tu. Wazee wetu waliitwa "boi" katika nyumba za Wazungu, nao walikuwa watu wa miaka 40 ao 50, wenye wake, watoto na wajukuu. Neno hilo la Kiingereza maana yake ni mtoto mwanaume. Mtu aliyeitwa mtoto alilipwa kama mtoto na kukemewa kama mtoto. Na tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Patrice Lumumba alipohesabu mateso ya ukoloni, hakutaja kazi ngumu na mishahara midogo tu. Alitaja pia neno dogo la Kifaransa, "tu": mweusi aliambiwa "tu" si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" iliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Katika siku kubwa namna ile, mbele ya mfalme wa Wabelgiji, aliona kwamba neno la kuitana lafaa kuhesabiwa pamoja na mateso mengine. Taifa zima lilimwelewa. Basi tunaelewa vizuri namna mtu anavyoshushwa kazini kwa jina. Tusilisahau somo hilo anapoitwa mama yetu ao dada yetu.

Wengine watasema: "Wanawake wenyewe hawalalamiki, wengine wanapenda kuitwa Mama tu." Ni kweli, na kila mtu ana haki ya kuchagua namna anavyotaka kuitwa, tumemwona Hélène Carrère d'Encausse akichagua jina la kiume. Lakini kutolalamika si kukubali. Boi wa zamani naye aliitika. Njia ya adabu ni kumwuliza mtu mwenyewe siku ya kwanza ya kazi.

Wengine mwishowe wataogopa kwamba, tukianza kupima maneno, furaha na undugu vitatoka kazini. Hapana. Heshima si utumwa. Hatuhitaji kutunga maneno mapya, wala kuacha kuitana Papa na Mama. Tunahitaji tu kuwapa wote wawili kipimo kimoja.

VII. MAMBO YA KUTENDA

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kabla ya kusema ao kuandika neno juu ya mtumishi mwanamke, weka jina la mwanaume pahali pake. Kama sentensi yabaki ya kawaida, iseme. Kama yachekesha, ibadilishe. "Papa Mhasibu ni mpole na mtiifu, anatusaidia na hesabu": nani angeandika hivyo?

Kwa mapadri wanaoongoza parokia na shule: andikeni orodha ya watu wote wanaotumika kwenu, na mbele ya kila jina andikeni kazi, si "mama wa parokia". Palipo na neno "anasaidia", ulizeni kama ni kujitolea kweli ao ni kazi isiyolipwa. Katika mkutano, salimieni kwa cheo wote wenye cheo, ao msitaje cheo cha yeyote. Kazi ya kuandika ripoti na ya kutayarisha chai izunguke kwa zamu.

Kwa waseminari: mtaandika barua nyingi za ushuhuda. Andikeni kwanza yale mtu anayoyajua kufanya, pamoja na mifano na hesabu. Halafu tabia yake. Fanyeni hivyo kwa wote.

Kwa makatekista: tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake *Antiquum ministerium*, aliweka huduma ya katekista kuwa huduma rasmi katika Eklezia, kwa wanaume na kwa wanawake. Jina hilo "katekista" ni moja kwa wote wawili. Mnapomjulisha mwenzenu kwa wakristu, msiseme: "Huyu mama anatusaidia kufundisha watoto." Semeni: "Huyu ni katekista wenu." Wakristu watamsikiliza kwa namna nyingine, na watoto wasichana walioketi mbele watakuwa wamesikia kwamba kazi hiyo yaweza kuwa yao.

Padri K.